Barua ya Kiwanda Haijafika Siakago

Chini ya mti wa kivuli, kando ya barabara inayotoka Siakago kwenda Embu, fundi mmoja alifungua boneti ya Subaru Impreza ya buluu, akafuta vumbi kwa kitambaa cha mafuta, na kibati kidogo kikajitokeza. Kilikuwa na herufi chache, kistari, kisha tarakimu sita. Mwenye gari, kijana aliyelinunua kwa pesa za kuuza majani ya muguka miezi michache iliyopita, hakuwahi kukisoma. Kilichomleta gerejini ni breki zilizokuwa zikilia. Fundi ndiye aliyeuliza kuhusu ile taa nyekundu ya dashibodi, yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira kifuani.

"Hiyo ilikuja hivyo, fundi. Aliyeniuzia alisema ni sensa tu."

"Kijana wangu, hiyo ni ya eabegi. Hebu tuisome chesisi kwanza."

Fundi alinakili namba ile kwenye kipande cha katoni, wakaketi wawili hao juu ya tairi kuukuu na simu ya kijana mkononi. Tovuti ya kwanza waliyoipata, ya Marekani, ilidai namba yenye herufi na tarakimu 17. Yao haikufika hata 12, ikakataliwa. Ya pili ilikuwa ya Japani, maandishi yote ya Kijapani, na simu ikawatafsiria kwa Kiswahili cha kubabaisha. Lakini jibu lilieleweka. Gari lile liliitwa na kiwanda miaka mingi iliyopita libadilishwe sehemu ya mfuko wa hewa wa upande wa abiria, na kazi hiyo haikuwahi kufanywa.

Kijana alikaa kimya. Kisha akasema, "Hapo ndipo anapokaa mama nikimpeleka kliniki Embu."

Tunaandika tahariri hii kwa sababu ya kiti hicho. Maelfu ya viti kama hicho vinatembea katika barabara za Kenya, na wanaovikalia hawajaambiwa lolote.

Kampuni inayounda magari inapogundua kwamba sehemu fulani ina kasoro inayoweza kuua au kujeruhi, huwajibika kuyaita magari yote yenye kasoro hiyo yarudi, yatengenezwe bila malipo. Tuuite mwito wa kiwanda. Mwito huo hauhusiani na garantii ya miaka mitatu au kilomita laki moja. Unalifuata gari lenyewe kwa namba yake ya chesisi, awe nalo mwenye kwanza au wa tano. Gari likiuzwa, deni hili la kiwanda huhama nalo. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wengi wa magari ya mtumba hawalisemi, na wanunuzi wengi hawalijui.

Mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Takriban vilipuzi milioni 100 vya kujaza mifuko hiyo viliitwa kote duniani, katika magari ya karibu kila jina tunalolijua hapa: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Mitsubishi, Subaru, BMW. Miongoni mwa magari ya mbio ambayo vijana wetu huyaota, Impreza za WRX, Mazda RX-8 na Lancer Evolution zote zimo katika orodha hizo kulingana na mwaka wa kuundwa. Na mtu asidhani ni tatizo la wapenda mwendo peke yao. Vitz ya mwalimu, Corolla ya muuguzi, Tiida ya karani wa mahakama na Honda Fit ya mama wa duka zimo pia.

Kasoro yenyewe mkulima wa huku kwetu Mbeere anaweza kuielewa upesi kuliko wengi. Ndani ya kila mfuko wa hewa mna kopo dogo la chuma lenye tembe za kemikali inayowaka kwa kufumba na kufumbua, ikatoa gesi ya kuujaza mfuko. Takata walitumia amoniamu naitreti, kemikali iliyomo pia katika mbolea ya CAN tunayowekea mahindi. Kila aliyewahi kuacha gunia la CAN wazi msimu mzima anajua linavyovuta unyevu, likagandamana na kubadilika. Ndani ya kopo la Takata hutokea jambo la jamaa hiyo: joto la mchana na baridi ya usiku, mwaka baada ya mwaka, pamoja na unyevu unaopenya, huziharibu zile tembe. Siku ya ajali huwaka kwa kasi isiyotarajiwa, kopo hupasuka, na vipande vya chuma hurushwa kupitia kitambaa cha mfuko hadi usoni, shingoni na kifuani mwa mtu ambaye mfuko ule uliwekwa umwokoe.

Ajali yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Mwaka 2009 katika jimbo la Oklahoma, Marekani, magari mawili yaligongana kwa mwendo mdogo katika uwanja wa maegesho. Dereva ambaye angetoka na michubuko alikufa kwa majeraha ya shingo. Tangu hapo Marekani pekee imezika watu zaidi ya 25 kwa kasoro hii. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama Pwani yetu, imezika watu wake. Ufaransa nayo imepoteza watu, na wengi wao hawakufia Paris. Walifia katika maeneo yake ya joto ng'ambo, kikiwemo kisiwa cha Réunion kilichomo katika bahari hii hii ya Hindi. Mwaka 2025 serikali ya Ufaransa iliamuru wenye magari zaidi ya milioni moja waache kabisa kuyaendesha hadi yatengenezwe. Takata wenyewe walikiri kosa la jinai la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, katika makubaliano ya kulipa dola bilioni moja, na katikati ya mwaka huo huo wakafilisika.

Sasa tuulize barua ya mwito ilikopotelea.

Mwito wa Takata ulipanuka kwa kishindo kuanzia Aprili 2013, ukaendelea kukua 2014, 2015 na 2016. Magari yanayohusika yaliundwa hasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi katikati ya mwongo uliofuata. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingia, hivyo Impreza iliyoundwa 2008 ingeweza kushushwa bandarini Mombasa wakati wowote hadi 2015 au hapo. Kiwanda kikaandika barua kwa mwenye gari, kikaituma kwa anwani iliyo katika daftari la usajili la Japani. Barua ikafika Nagoya, Yokohama, Osaka. Gari lilikuwa limeshafika Mombasa, likapanda trela, likasimamishwa katika yadi ya Nairobi na karatasi ya bei kwenye kioo.

Kutoka yadi hiyo lilinunuliwa na mtu wa Nairobi. Akalichoka baada ya miaka minne, akamuuzia mtu wa Thika. Huyo akamuuzia mtu wa Embu, na wa Embu akamuuzia kijana wa Siakago. Magari katika nchi hii hushuka kama maji: yanaanza mjini yakiwa yanameta, na kadiri yanavyochoka ndivyo yanavyosogea kwenye miji midogo. Umri ndio unaoiharibu kemikali ya Takata. Kwa hiyo hatari nayo imeshuka pamoja na magari hayo, ikaondoka katika mitaa ambayo wenye magari wana uwezo wa kuuliza na kufuatilia, ikatua Siakago, Kiritiri, Ishiara, Chuka, Maua. Anayemiliki gari lenye kopo bovu zaidi leo ndiye aliye mbali zaidi na anayeweza kulibadilisha.

Japani haikulala. Kuanzia Mei 2018 serikali ya nchi hiyo ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya Takata ya hatari zaidi ambayo hayajatengenezwa. Bila cheti hicho gari haliruhusiwi barabarani kule. Australia mwaka huo huo iliufanya mwito kuwa wa lazima, ikawapa watengenezaji hadi mwisho wa 2020 kubadilisha mamilioni ya mifuko. New Zealand, ambayo kama sisi huendesha kushoto na hununua Japani sehemu kubwa ya magari yake ya mtumba, nayo mwaka 2018 ilitoa amri ya lazima na kuyafungia mlango magari yenye mifuko ya aina mbaya zaidi. Nchi hizo zilitazama soko lile lile tunalonunua sisi, zikaona hatari ile ile, zikachukua hatua kwa sheria. Sisi tumekuwa wakali kuhusu umri wa gari, upande wa usukani na hata mionzi baada ya Fukushima. Ukali huo ni mzuri. Lakini gari linaweza kuwa na umri halali, breki nzuri na taa zote zinazowaka, huku limebeba bomu dogo nyuma ya dashibodi.

Bomu hilo halina taa ya kuonya. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumesikia mafundi wakiwaambia wateja kwamba taa ya mfuko wa hewa ikizimika, mambo ni shwari. Taa ile huonyesha hitilafu ya nyaya, sensa au kompyuta. Tembe zilizoharibika ndani ya kopo haziwashi chochote. Yule kijana wa Siakago alipata bahati: taa yake iliwaka kwa sababu nyingine, fundi akawa mtu wa kuuliza, na jibu la kweli likapatikana kwa njia ya mzunguko. Mwenzake ambaye dashibodi yake iko safi hana sababu hata ya kufungua boneti.

Kibaya zaidi, wako wanaoizima taa hiyo kwa makusudi. Kipande kidogo cha rezista hufungwa kwenye waya ili kompyuta idhani kila kitu kipo. Wako wanaong'oa usukani wa kiwanda na kuweka ule mdogo wa mashindano, mfuko wa dereva ukatupwa au ukauzwa. Na ukiuzwa, unakwenda wapi? Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, utaona usukani uliotolewa katika magari yaliyokatwa nusu ukining'inia kama nyama buchani, mifuko ikiwa ndani. Mwenye gari aliyepata ajali mfuko wake ukalipuka hununua mwingine pale kwa bei ya chini. Hapo hata namba ya chesisi hukosa kusema kweli. Gari linaweza kuonyesha katika daftari la kiwanda kwamba lilishatengenezwa Japani, kumbe mfuko uliomo leo ulitoka katika gari jingine ambalo halikutengenezwa kamwe. Biashara hii ya mifuko ya hewa ya mtumba inapaswa kupigwa marufuku, na hatuoni sababu ya kulisema jambo hili kwa upole.

Tunajua kwa nini kijana wa Siakago alitaka Impreza. Upendo wa Wakenya kwa Subaru haukuzuka jana. Katika miaka ya 1990 Patrick Njiru aliliendesha jina hilo katika Safari Rally hadi likawa la nyumbani, na Colin McRae akaishinda Safari ya 1997 akiwa na Impreza. Mtoto aliyesimama vumbini akayaona magari yale yakipita ndiye baba wa kijana anayenunua leo. Ni tamaa halali. Kijana ameamka alfajiri kuchuma muguka, ameweka akiba, amenunua kitu anachokipenda. Hatutamhubiria kwamba angenunua pikipiki. Tunachotaka ni asije akauawa na kitu ambacho kiwanda kilishakiri ni kibovu na kikaahidi kukibadilisha bure.

Tena fikirini kazi inayofanywa na magari ya eneo hili. Muguka unaotoka Mbeere hauna subira. Ukinyauka hauna bei. Ndiyo maana magari yanaondoka Siakago na kuteremka hadi Nairobi, na mengine yanaendelea hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Mchana kutwa yanasimama juani karibu na bahari, madirisha yamefungwa, dashibodi ikichemka na hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Kisha yanarudi kwenye baridi ya usiku ya nyanda za juu. Joto, unyevu, baridi, joto tena. Mtu angetaka kubuni safari ya kuichosha kemikali ile haraka iwezekanavyo, asingepata iliyo bora kuliko hii. Na yanakwenda kwa kasi, madereva wakiwa wamekosa usingizi, katika nchi ambayo barabara zake huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Dereva akikutwa amekufa na jeraha kubwa la shingo, kitabu cha polisi kitaandika mwendo kasi. Nani atakayefungua usukani kutazama kopo?

Takata si peke yake. Mwaka 2019 Subaru wenyewe waliita zaidi ya magari milioni mbili kote duniani, Impreza na Forester zikiwemo, kwa sababu ya swichi ya taa za breki. Gesi inayotoka katika baadhi ya bidhaa za kusafishia na kung'arishia gari huingia ndani ya swichi hiyo na kuiharibu, dereva akakanyaga breki na taa za nyuma zisiwake. Swichi ni kitu cha kushika kiganjani, fundi huibadilisha kwa muda mfupi. Lakini mtu anayekufuata usiku kwenye miteremko kati ya Embu na Siakago haoni swichi. Anaona gari lisilotoa ishara, na akiona umesimama amechelewa. Kuanzia 2020 ukaja mwito wa pampu za mafuta zilizoundwa na Denso, zinazoweza kuzima gari likiwa mwendoni. Toyota peke yake iliita mamilioni. Hayo ni pamoja na magari ya 2018 na 2019, ambayo ndiyo yamekuwa yakishushwa Mombasa miaka hii ya karibuni. Mafundi wangapi wamebadilisha plagi, chujio na koili za magari yanayozimika ovyo, mteja akilipa kila mara, na kumbe kiwanda kilishakubali kwamba pampu ni yake na gharama ni yake?

Mwenye gari la Kijapani asianze na tovuti za Marekani. Gari lililoundwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya 17. Lina namba ya fremu, herufi na tarakimu za aina, kistari, kisha namba yake. Iko kwenye kibati chini ya boneti na pia ndani ya logibuku, na ni vyema kuhakikisha kwamba hizo mbili zinalingana. Tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyounda gari ina mahali pa kuiandika, na simu yoyote ya leo inaweza kutafsiri. Fungua pia mlango wa dereva utazame nguzo, karibu na kile chuma ambacho komeo la mlango hushika. Mafundi wa Japani wakimaliza mwito huwa wanabandika hapo kibandiko kidogo chenye namba ya mwito. Ukikiona, ni dalili njema. Usipokiona, usijifariji.

Ikithibitika kwamba gari limeitwa na halijatengenezwa, abiria asikae mbele ya mfuko mbovu, na kama mbovu ni wa dereva, gari lisimame hadi litengenezwe. Wala mtu asimwite fundi wa mtaani kuung'oa. Kitu hicho ni kilipuzi, na hulipuka pia mikononi mwa asiyekijua. Peleka namba ya chesisi kwa muuzaji rasmi wa jina hilo, kwa barua au barua pepe, na udai jibu la maandishi. Jibu la mdomo kwenye kaunta halitoshi.

Tunasisitiza maandishi kwa sababu tumeona wenye magari wakirudishwa. Msomaji wetu mmoja wa Mbeere Kaskazini alisafiri kilomita 150 hivi hadi Nairobi akiwa na logibuku na picha ya jibu la tovuti. Katika ofisi aliyokwenda aliambiwa maneno saba: "Gari hili hatukuliuza sisi. Uliza aliyekuuzia, mzee." Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, mkewe kiti cha nyuma, kwa sababu cha mbele hawakukiamini tena. Alikuwa amepoteza siku, mafuta na heshima. Aliyekaa nyuma ya kaunta ile pengine alikuwa akifuata maagizo. Basi maagizo yabadilike. Anayegharamia mwito ni kiwanda kilicholiunda gari, wala muuzaji wa Nairobi hachotewi mfukoni mwake. Kampuni inayovuna faida kwa jina lililoandikwa mbele ya gari haiwezi kulikana jina hilo gari linapokuwa na kasoro ya kuua, eti kwa kuwa lilipitia yadi badala ya ukumbi wake wa maonyesho. Magari ya mtumba ndiyo mengi katika barabara zetu. Ukiyaondoa hayo katika hesabu ya usalama, unakuwa umewaondoa Wakenya wenyewe.

Katiba haikubagua. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akidhurika. Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji mwaka 2012. Halikuandika mahali popote kwamba haki hizi ni za mwenye gari jipya.

Na hapa tunaitazama Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, kwa sababu ndiyo iliyo na ufunguo. Japani ilipoteza habari za gari hili siku lilipopakiwa melini. NTSA haikulipoteza. Namba ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa Kenya imo katika daftari lake, ikiambatana na jina la mwenye gari. Uhamishaji wa umiliki hufanywa mtandaoni, na anayehamishiwa gari huwa ameacha namba yake ya simu. Viwanda navyo vina orodha za namba za chesisi zilizoitwa na zisizotengenezwa. Kuna orodha mbili. Zikilinganishwa, kila mwenye gari lenye kasoro anaweza kupata ujumbe mfupi kwenye simu yake, kwa Kiswahili, popote alipo, hata nyuma ya kilima cha Kiang'ombe. Kazi hii haihitaji barabara mpya wala mkopo wa nje. Inahitaji barua moja kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA kwenda kwa watengenezaji, na mkataba wa kupeana orodha hizo kila mwezi.

Tunataka barua hiyo iandikwe mwezi huu. Tunataka umiliki wa gari usihamishwe kabla mfumo haujamwonyesha mnunuzi, kwenye skrini yake mwenyewe, kama gari lina mwito ambao haujatimizwa. Magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo uanze na swali hili. Yadi za Mombasa na Nairobi zilazimishwe kubandika jibu kando ya bei. Shirika la Viwango, KEBS, liiongeze hali ya mwito katika masharti ya makampuni yanayokagua magari kule Japani, ili gari lenye mfuko mbovu litengenezwe kabla ya kupakiwa, pale ambapo spea ziko na mafundi wamefunzwa.

Wauzaji rasmi nao wasingoje Siakago iende Nairobi. Mwito wa namna hii hufanywa kwa saa chache kwa kila gari. Timu ya mafundi yenye spea zake inaweza kukaa Embu mjini wiki moja na kuwahudumia watu wa Mbeere, Runyenjes, Kirinyaga na Tharaka. Serikali ya kaunti itoe uwanja na stima. Magavana wetu walipoona muguka unapigwa vita na kaunti za Pwani mwaka 2024 walijua njia ya kupaza sauti, na mahakama ya Embu ikasikia. Wanaoubeba muguka huo wanastahili sauti kama ile.

Tulipompigia simu yule kijana juzi, Impreza ilikuwa bado chini ya ule mti. Breki zilishatengenezwa. Mama yake amepanda matatu kwenda kliniki mara mbili tangu siku ile. Fundi amekitoboa kile kipande cha katoni chenye namba ya chesisi, akakifunga kwa waya kwenye usukani ili mtu yeyote asije akaliwasha gari kwa kusahau. Kijana amemwandikia muuzaji rasmi, na hadi tunachapisha gazeti hili alikuwa hajajibiwa.